Mwongozo kamili: kutambua mbari za kutu ya ngano na kuzalisha mbegu yenye ukinzani unaodumu

Aina ya ngano inaweza kukaa shambani misimu kadhaa bila doa, kisha msimu mmoja shamba zima likageuka rangi ya matofali. Watu husema mbegu imechoka. Mbegu haichoki, jeni zake ni zilezile za siku ilipotolewa. Kilichobadilika ni kuvu. Kwa hiyo kuuliza "je, aina hii inakinza kutu?" ni kuuliza nusu ya swali. Swali zima ni hili: inakinza mbari zipi za kuvu (aina ndogo ndani ya kuvu ileile), tangu ikiwa mche au baada ya kukua, na kwa jeni ngapi?

Mwongozo huu unafuata kazi nzima, kuanzia kukata kipande cha shina chenye kutu hadi kupata mistari ya ngano (yaani koo za mimea inayofanana) inayofaa kutolewa kama mbegu. Mfano mkuu ni kutu ya shina, kwa kuwa ndiyo inayoadhibu makosa upesi kuliko nyingine. Kanuni zinazotajwa zinafaa pia kwa kutu ya majani na kutu ya njano. Penye tofauti, imetajwa.

Kwanza, jua ni kutu ipi

Kutu ya shina, *Puccinia graminis*, hutoa vipele virefu vya rangi ya matofali kwenye shina, ala za majani na hata masuke. Ngozi ya mmea hupasuka na kujikunja pembeni mwa kipele. Pitisha kidole utahisi mkwaruzo. Kutu ya majani, *Puccinia triticina*, ni vidoa vya mviringo vya rangi ya chungwa iliyokolea, vimetawanyika ovyo juu ya jani, na havikwaruzi. Kutu ya njano, *Puccinia striiformis*, ina vipele vidogo sana vilivyojipanga kwa mistari kufuata mishipa ya jani. Angalizo: kwenye miche mistari hiyo haipo, vipele hutapakaa tu, na hapo wengi huikosea.

Baridi na joto navyo husaidia kutofautisha. Kutu ya njano hupenda nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, kutu ya majani karibu nyuzi 20, na kutu ya shina hushamiri siku zenye joto la nyuzi 25 hadi 30 mradi umande wa usiku upo.

Ndani ya kila kutu kuna mbari. Mbari mbili zinaweza kufanana kabisa hata chini ya darubini, lakini moja ikaiteketeza ngano ambayo nyingine haiwezi kuigusa. Njia ya uhakika ya kuzitofautisha ni kuzipa ngano zenye jeni zinazojulikana, kisha kuangalia ipi imeliwa.

Kwa nini kuvu haikai ilivyo

Katika miaka ya 1940 Harold Flor, akichunguza kutu ya kitani huko North Dakota nchini Marekani, alionyesha kwamba kila jeni ya ukinzani ndani ya mmea ina jeni mwenzake ndani ya kuvu. Jeni ya mmea ni kama mlinzi aliyefunzwa kuitambua sura moja. Kuvu ikiingia na sura hiyo, seli za mmea zilizo karibu hujiua haraka na kuvu hufa njaa, maana kutu huishi kwenye seli hai tu. Lakini kuvu ikiipoteza sura ile au kuibadili kidogo, mlinzi haoni kitu. Na kupoteza ni rahisi kuliko kujenga: kosa moja dogo katika DNA ya kuvu linatosha kuiharibu jeni.

Kuna kizuizi kimoja. Spora za kutu, yaani chembe za unga zinazoieneza kuvu, zinazoruka shambani zina viini viwili, kila kimoja na nakala yake ya jeni. Lazima nakala zote mbili ziharibike ndipo mlinzi apofuke. Mbari ambayo tayari ina nakala moja mbovu huonekana dhaifu kwenye vipimo, kumbe iko hatua moja tu kutoka kwenye ushindi. Ndiyo sababu ya ushindi wa ghafla unaowashangaza watu.

Njia nyingine za mabadiliko ni tatu. Ya kwanza ni kujamiiana kwa kuvu kwenye kichaka cha Berberis, jambo lililothibitishwa na Anton de Bary mwaka 1865. Marekani ilianza kung'oa vichaka hivyo kwa kampeni kubwa mwaka 1918. Kwa kutu ya njano, uwezo wa Berberis kuihifadhi ulionyeshwa mwaka 2010 tu. Ya pili ni mbari mbili kubadilishana viini bila kujamiiana. Uchunguzi wa DNA uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Ug99, mbari maarufu ya kutu ya shina, ilizaliwa hivyo. Ya tatu ni safari: upepo huvusha spora bara hadi bara, na nguo za wasafiri pia. Kutu ya njano ilionekana Australia kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na inaaminika iliingia kwa njia hiyo.

Hatua ya 1: kukusanya sampuli

Kata vipande vya shina vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vipele vyenye rangi kali, vinavyoacha unga kidoleni. Vipele vyeusi viache: hizo ni spora za mwisho wa msimu na haziambukizi ngano. Weka vipande katika bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki hata kwa saa moja, kwa sababu unyevu hukusanyika ndani, ukungu wa kawaida huota na spora huanza kumea kabla ya wakati, kisha hufa. Anika bahasha kivulini usiku mmoja, halafu hifadhi kwenye jokofu kwa nyuzi 4.

Juu ya bahasha andika tarehe, mahali na vipimo vya GPS, jina la aina ya ngano, hatua ya ukuaji na ukali wa ugonjwa. Jina la aina ndilo husahaulika zaidi, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Kutu kidogo kwenye ngano iliyosifiwa kwa ukinzani ni habari kubwa kuliko kutu nyingi kwenye ngano dhaifu, kwa hiyo sampuli hizo zitenge peke yake. Spora hai hazivuki mpaka wa nchi bila kibali cha karantini. Na ukitoka shamba lenye kutu, badili nguo kabla ya kuingia jingine.

Hatua ya 2: kupata mbari moja safi

Sampuli ya shambani ni mchanganyiko. Ukiipima ilivyo utapata majibu ya mbari tatu yaliyorundikana, na utaunda kwenye karatasi mbari hatari ambayo haipo duniani. Lazima uanze na kipele kimoja.

Panda mbegu 5 hadi 8 za ngano dhaifu, kama Morocco au McNair 701, katika kila kopo dogo. Siku ya 7 au ya 8, jani la kwanza likishafunguka kabisa, miche iko tayari. Spora zikitoka kwenye baridi kali ya nyuzi -80 huwa zimelala; ziamshe kwa kuzamisha kichupa kilichofungwa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 5, kisha zikae saa 2 hadi 4 mahali penye unyevu mwingi wa hewa. Koroga miligramu chache za spora katika mililita 1 ya mafuta mepesi ya madini na upulizie majani. Subiri nusu saa au zaidi mafuta yakauke. Ukiharakisha, mafuta yatachoma majani na utayasoma madoa ya kuungua kama ukinzani.

Sasa umande. Kwa kutu ya shina, weka miche gizani saa 14 hadi 16 kwenye nyuzi 18 hadi 20, majani yakiwa yamefunikwa na matone madogo. Kisha washa taa kali kwa saa 3 hadi 4 huku majani yangali yamelowa, halafu acha yakauke polepole. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Spora humea gizani, lakini kuvu ya kutu ya shina inahitaji mwanga ili kupenya kwenye tundu la jani. Ukifungua mlango asubuhi na kukausha miche kabla ya mwanga, utapata vipele viwili vitatu na kudhani spora zilikufa. Kutu ya njano haina sharti hilo. Iwekee giza na umande saa 24 kwenye nyuzi 8 hadi 10, kisha ikulie kwenye nyuzi 15 hadi 18.

Siku ya 7 hadi ya 10 utaona nukta za weupe. Chagua jani lenye nukta moja tu, kata mengine yote, funika kopo kwa mrija wa selofani. Kipele kikipasuka, vuna unga wake na uambukize nao kopo jipya. Rudia mara moja au mbili hadi upate spora za kutosha. Katika kitalu nyumba hudumia mbari dhaifu kwanza na ile kali mwisho, kwa sababu spora husafiri kwenye mikono.

Hatua ya 3: kuipa mbari jina

Kwa kutu ya shina hutumika ngano 20 za utambuzi, kila moja ikiwa na jeni moja ya ukinzani inayojulikana. Ziambukize kwa pamoja, subiri siku 14, usome jani la kwanza. Kipimo kilichoasisiwa na Elvin Stakman na wenzake huko Minnesota kinaanzia 0 hadi 4: 0 hakuna dalili, alama ya nukta-mkato ni vidoa vya seli zilizokufa bila kipele, 1 na 2 ni vipele vidogo vilivyozungukwa na tishu iliyokufa au kupauka, 3 na 4 ni vipele vikubwa vinavyomwaga unga. X ni mchanganyiko wa vyote kwenye jani moja. Kuanzia 0 hadi 2, pamoja na X, ngano imeshinda. 3 na 4, kuvu imeshinda.

Ngano hizo 20 zimegawanywa makundi matano ya nne nne, na kila kundi hutoa herufi moja. B ni ngano zote nne zimeshinda. T ni zote nne zimeshindwa. Kati yake kuna herufi 14 za michanganyiko mingine. Chukua TTKSK, ambalo ndilo jina rasmi la Ug99. Makundi mawili ya kwanza ni T: jeni zote nane zimeshindwa. La tatu ni Sr36, Sr9b, Sr30 na Sr17 (Sr ni kifupi cha jeni za ukinzani dhidi ya kutu ya shina), nayo K maana yake ya kwanza imesimama na tatu zimeanguka. Basi Sr36 inafanya kazi. La nne ni Sr9a, Sr9d, Sr10 na SrTmp, na S maana yake tatu zimeanguka na ya mwisho imesimama. SrTmp inafanya kazi. La tano ni Sr24, Sr31, Sr38 na SrMcN, ikiwa K tena: Sr24 imesimama, Sr31 imeanguka.

Herufi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotikisa dunia. Sr31 ilitoka kwenye rai (*Secale cereale*), nafaka iliyo jamaa ya ngano, kwa kipande cha kromosomu kiitwacho 1RS, na kwa miongo kadhaa ilitegemewa katika mashamba ya nchi nyingi. Mbari ya kuishinda iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na jina Ug99 limetokana na Uganda na mwaka 1999. Ndugu zake walifuata: TTKST iliyoangusha Sr24 ilionekana Kenya mwaka 2006, TTTSK iliyoangusha Sr36 mwaka 2007. Ukishajua kusoma herufi, majina hayo yanakuambia yenyewe ni mlinzi yupi amepofuka.

Lakini jihadhari na kuzalisha mbegu dhidi ya jina moja. Ethiopia ilipanda kwa wingi aina ya Digalu, iliyokuwa na SrTmp na kuhimili Ug99. Mwaka 2013 Digalu iliteketea kwa mbari ya TKTTF. Angalia F ya mwisho: Sr24 na Sr31 zote zimesimama. Mbari hiyo haikuwa na kile kilichoifanya Ug99 iogopwe, ila iliweza kuiangusha SrTmp, jeni ambayo Digalu iliitegemea.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni joto. Sr6 hushinda vizuri kwenye nyuzi 18 lakini huanguka joto likizidi nyuzi 25. Mchana mmoja wa joto kitaluni unatosha kubadili herufi. Weka kipimajoto kinachorekodi usiku na mchana, na kila seti ya vipimo iwe na ngano dhaifu. Hiyo isipopata 4, tupa seti nzima.

Hatua ya 4: kuchagua wazazi

Ukinzani ni wa namna mbili. Kuna ule wa jeni kubwa, unaoonekana tangu mche, ambao huzuia kabisa au hauzuii kitu. Na kuna ule wa mmea mkubwa: mche hushambuliwa kama kawaida, lakini ngano ikikua kutu huenda polepole, vipele huwa vichache na vidogo, na huchelewa kutokea. Huu wa pili ndio umedumu. Sr2, iliyoletwa na Edgar McFadden katika miaka ya 1920 kwa kuchanganya ngano ya mkate na ngano ya emma iitwayo Yaroslav, bado inafanya kazi. Lr34, Lr46 na Lr67 (Lr ni kifupi cha jeni za ukinzani dhidi ya kutu ya majani) kila moja hupunguza kutu zote tatu pamoja na ukungu wa unga. Lr34 ni jeni ya protini inayosafirisha vitu kwenye utando wa seli. Haitambui sura ya kuvu hata kidogo, na pengine ndiyo sababu kuvu haijapata cha kubadili.

Tatizo ni kwamba jeni moja ya namna hii haitoshi msimu wa kutu nyingi. Nne au tano zikikaa pamoja, mmea hukaribia kutoguswa. Hilo ndilo lengo.

Macho yanaweza kusaidia kuzitambua. Ngano yenye Sr2 mara nyingi hupata weusi kwenye maganda ya suke na chini ya vifundo vya shina, na baadhi ya wakulima huukataa wakidhani ni ugonjwa. Ngano yenye Lr34 hukauka sentimita moja au mbili kwenye ncha ya jani la juu kabisa wakati wa kuchanua. Dalili hizi hubadilika na hali ya hewa. Zichukue kama fununu, usizichukue kama ushahidi.

Jeni kubwa zisidharauliwe. Ukitumia, tumia mbili au tatu kwa pamoja ambazo bado zinashinda mbari zote za eneo lako, juu ya msingi wa zile ndogo. Jeni kubwa moja peke yake ni kamari, tena huwaharibia na wengine wanaoitegemea. Kumbuka pia kwamba jeni kutoka mimea ya porini huja na mizigo: kipande cha 1RS hicho hicho kilicholeta Sr31 huufanya unga wa ngano ukandwe kwa kunata. Kwa magonjwa mengine ya kuvu vyanzo ni tofauti: dhidi ya Fusarium ya suke hutafutwa jeni ya Fhb1 kutoka aina ya Kichina Sumai 3, na dhidi ya ugonjwa wa blasti kipande cha 2NS kutoka *Aegilops ventricosa*.

Hatua ya 5: kuchavusha

Ngano hujichavusha yenyewe ndani ya ua lililofungwa, kwa hiyo suke la mama lazima lihasiwe mapema. Chagua suke lililotoka nusu kwenye ala, vifuko vya chavua vikiwa bado kijani kibichi. Vikiwa vimeanza njano, umechelewa.

Ng'oa vishada vidogo vya chini na vya juu. Katika kila kishada kinachobaki, chomoa kwa kibano maua ya katikati uyaache mawili ya pembeni. Kata kwa mkasi theluthi ya juu ya maganda, juu kidogo ya vifuko. Ingiza ncha ya kibano na utoe vifuko vitatu kwa kila ua. Hesabu: moja, mbili, tatu. Ukitoa viwili na kuhama, kimoja kilichobaki kitaharibu kazi yote. Kifuko kikipasuka, toa ua zima na ufute kibano kwa spiriti. Funika suke kwa mfuko wa karatasi laini isiyopitisha chavua, andika jina la mama na tarehe.

Baada ya siku 2 hadi 4 stigma, sehemu za ua zinazopokea chavua, huwa zimetanuka kama manyoya madogo meupe. Sasa kata suke la baba ambalo maua yake ya kwanza yamefunguka, punguza ncha za maganda, lishike juani dakika 3 hadi 5. Vifuko vya njano vitachomoza vyenyewe mbele ya macho yako. Kata juu ya mfuko wa mama, ingiza suke la baba kichwa chini, lizungushe kwa vidole mara kadhaa, funga. Usitembee na chavua kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Chavua ya ngano hufa ndani ya dakika chache.

Kwa uhakika wa haraka, tumia mama mwenye ndevu na baba asiye na ndevu. Kukosa ndevu hutawala, hivyo mmea wa F1 (kizazi cha kwanza cha mchanganyiko) wenye ndevu ndefu ni mtoto wa kujichavusha. Ung'oe.

Hatua ya 6: ukubwa wa kizazi

Wengi hushindwa hapa kwa kupanda kidogo. Ukitaka jeni nne zilizotulia, kila moja ikiwa na nakala zote mbili za ukinzani, katika F2 (kizazi cha F1 kujichavusha), mmea mmoja tu kati ya 256 unazo. Ili kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mmoja, panda 766. Ukisubiri hadi mistari itulie kwa kujichavusha vizazi kadhaa, uwiano unakuwa 1 kati ya 16, na mistari 47 inatosha kwa uhakika uleule. Somo lake: usichuje kwa ukali mno katika F2. Ondoa mimea mibaya sana, hifadhi ya kati.

Ukiwa na aina inayopendwa na wakulima ambayo inakosa ukinzani tu, chavusha F1 kwa aina hiyo mara moja. Kwa jeni nne, mmea 1 kati ya 16 wa kizazi hiki utabeba nakala moja ya kila jeni. Ukipanda 400 unatarajia kama 25. Kurudia kurudisha kwa mzazi mara tatu au nne, kama inavyofanywa kwa jeni kubwa moja, huzipoteza jeni ndogo kimyakimya. Kuanzia hapo vuna mimea iliyochaguliwa kwa pamoja, F2 hadi F4, ukichuja pia mbegu zilizosinyaa. Mbegu nono chini ya kutu kali ni kipimo kizuri kuliko macho yaliyochoka.

Ukitaka kujua jeni ngapi kubwa zinafanya kazi, hesabu miche ya F2. Tuseme kati ya 152, miche 118 imeshinda na 34 imeshindwa. Kwa jeni moja inayotawala ungetarajia 114 na 38. Tofauti ni 4 kila upande: 16 gawa kwa 114, jumlisha 16 gawa kwa 38, jibu 0.56. Hili ni jaribio la khi-mraba, na jibu liko chini ya kikomo chake cha 3.84, basi uwiano wa 3 kwa 1 unakubalika. Jeni mbili zingetoa karibu 15 kwa 1.

Hatua ya 7: shambani

Kila mstari panda safu mbili za mita 1. Zungushia, na katikati pitisha, safu za ngano dhaifu za kuvuta kutu. Ziite safu za chambo. Zipandwe mapema kidogo kuliko mistari yako. Zikianza kurefuka, chukua spora kwenye maji yenye tone la Tween 20 (sabuni ya maabara), uzidunge kwa sindano ndani ya mashina machache ya kila safu ya chambo, jioni umande ukikaribia. Kila baada ya mistari 20 weka ngano dhaifu ya kulinganishia. Vituo vya Njoro nchini Kenya na Debre Zeit nchini Ethiopia hupokea ngano kutoka nchi nyingi kupimwa hivyo, Njoro ngano ya mkate na Debre Zeit ngano ngumu ya durum, kwa kuwa mbari kali ziko huko tayari.

Anza kusoma ngano dhaifu ikifika asilimia 20, rudia kila siku 7 hadi 10, angalau mara tatu. Andika namba na herufi: 30MR, 60S. Namba ni ukali kwa kipimo cha Cobb kilichorekebishwa, ambacho 100 yake ni vipele vilivyofunika asilimia 37 tu ya eneo halisi. Usishangae jani la "80" likiwa na kijani kingi. Herufi ni sura ya vipele: R (inakinza) hupewa uzito 0.2, MR (inakinza kiasi) 0.4, MS (dhaifu kiasi) 0.8, S (dhaifu) 1. Kwa hiyo 30MR ni 12 na 30S ni 30.

Kisha kokotoa eneo chini ya mkondo wa ugonjwa. Mstari wa kwanza umesomeka 5, 20, 60 kwa siku 0, 10, 20: wastani wa 5 na 20 mara siku 10 ni 125, wastani wa 20 na 60 mara 10 ni 400, jumla 525. Wa pili umesomeka 5, 10, 20: 75 na 150, jumla 225. Mistari yote ilianza sawa, ila wa pili unaichelewesha kutu. Huo ndio unaoutafuta.

Sasa mtego mkubwa wa kazi hii. Mstari safi shambani unaweza kuwa umejengwa na jeni ndogo tano, au na jeni kubwa moja iliyozificha zote au iliyosimama peke yake. Kwa macho havitofautishiki. Tenganisha kwa kuipima miche ya mstari huohuo kwa mbari ileile iliyo shambani. Miche ikipata 3 au 4 na mmea mkubwa ukabaki na 10 au 15, umepata ukinzani wa mmea mkubwa. Miche ikipata 0, hujui bado. Na andika tarehe ya kuchanua ya kila mstari: unaokomaa mapema sana huikwepa kutu bila kuikinza.

Hatua ya 8: viashiria vya DNA

Vitumie pale macho yanaposhindwa, hasa kujua kama jeni mbili kubwa zimekaa pamoja, kwa kuwa moja huificha nyingine. Kipande kidogo cha jani la mche kinatosha. Kwa Lr34 kuna kiashiria kilichotengenezwa kutoka jeni yenyewe, na ni cha kuaminika. Vingine viko jirani tu na jeni na huachana nayo mara mojamoja, hivyo thibitisha kila baada ya vizazi viwili kwa kuambukiza miche. Ukitaka kuharakisha, mwanga wa saa 22 kwa siku hukupa hadi vizazi sita vya ngano isiyohitaji baridi kwa mwaka, lakini ukinzani wa mmea mkubwa bado upimwe shambani.

Baada ya kutoa mbegu

Hifadhi spora za mbari zote ulizotumia kwenye nyuzi -80, pamoja na mbegu za ngano za utambuzi kutoka kundi moja lililosafishwa, ili kipimo cha miaka ijayo kilingane na cha leo. Epuka kuitapakaza jeni kubwa ileile eneo zima kupitia aina kadhaa zenye majina tofauti; kuvu haisomi majina. Kila msimu panda safu mbili za aina mpya kando ya ngano dhaifu katika sehemu kadhaa, bila dawa ya kuvu, na zikaguliwe kila wiki tangu kuchanua. Kipele cha 3 au 4 kikitokea kwenye aina hiyo, hata kimoja, kikatwe siku hiyohiyo, kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi, na kazi ianze upya katika hatua ya 2.